Barua kwa mdogo wetu anayefungua banda la picha Bagamoyo

Mdogo wetu,

Salaam sana. Ama baada ya salamu, habari za banda lako zimetufikia: vyumba viwili na kibaraza, kuta ziwe za wachoraji wa hapo mtaani, kibaraza kiwe cha darasa, na picha za Tingatinga, zile za wanyama wa rangi kali na vidoti, ndizo ziwe za kwanza kuonekana mlangoni. Tumefurahi sana. Kinachotutia wasiwasi ni hizo wiki mbili ulizojipangia hadi siku ya kufungua. Tunakuandikia hadharani kwa kuwa wapo vijana wengine wenye nia kama yako, na neno letu kwenu nyote ni kwamba rangi ya mafuta hukauka kwa muda wake. Picha inayonata, picha iliyopasuka, mgeni aliyekunjua picha kwao akakuta chui amegandana na twiga, karibu zote hizo ni siku mbili tatu ambazo mtu alizikwepa.

Mpango wako wa kuweka darasa na duka pamoja ni sahihi, na ndivyo sanaa hii ilivyokua. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyezaliwa 1932, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akitumia rangi ya mafuta ya dukani na vipande vya mraba vya hadibodi, ule ubao mwembamba wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa. Bodi ya futi 4 kwa 8 hutoa vipande 8 vya futi 2 kwa 2 bila mabaki, na wengi bado hupenda kipimo hicho. Alifariki 1972, baada ya miaka michache tu ya kazi. Sanaa haikufa naye, kwa sababu alikuwa amewafundisha ndugu na jamaa, nao wakaendelea kuchora na kuuza eneo la Morogoro Stores, Oysterbay, hadi kuunda ushirika mwaka 1990. Mwanafunzi alijifunza akiwa amekaa kando ya fundi: kwanza anapaka rangi ya nyuma, kisha anajaza maumbo, na vidoti anaachiwa mwishoni. Usiubadilishe mpangilio huo kwenye darasa lako.

Tuanze na kitambaa, maana hapo ndipo wengi hubana matumizi pasipostahili. Nunua marekani nzito. Iloweke usiku mzima, ifue itoke wanga wa kiwandani, ianike, ipige pasi. Usipoifua itajikunja baada ya kupakwa, na wanga utazuia rangi ya kwanza isishike. Fremu iwe ya mbao nyepesi iliyokauka, na ukingo wake wa ndani upigwe randa ushuke kidogo ili kitambaa kisiulalie. Fremu ya bapa huacha mstari unaoonekana mbele ya picha. Kabla ya kuwamba, pima kutoka pembe hadi pembe pande zote mbili. Vipimo visipolingana, fremu imekwenda mshazari. Piga pini katikati ya kila upande kwanza, upande mmoja kisha wa mkabala wake, halafu endelea kuelekea pembeni. Ukigonga kwa kidole isikike kama ngoma.

Kisha rangi ya msingi. Vikombe 3 vya rangi ya maji nyeupe ya ukutani, kikombe 1 cha gundi nyeupe ya seremala, nusu kikombe cha maji. Paka mkono wa kwanza mwembamba, subiri muda wa saa 4, piga msasa namba 220 taratibu, kisha paka mkono wa pili ukikata ule wa kwanza. Inua kitambaa kwenye mwanga: ukiona vitundu, paka wa tatu. Vitundu hivyo si jambo dogo. Mafuta ya rangi yakigusa pamba tupu huila, na baada ya miaka kitambaa huwa kikavu kama jani la mgomba. Wala usizidishe unene, maana msingi mnene hupasuka siku picha inapokunjwa.

Rangi ya nyuma ndiyo inayoipa picha ya Tingatinga mng'ao wake. Chukua njano kwa katikati na rangi ya chungwa kwa pembeni, paka zote mbili, kisha zikutanishe zikiwa bado mbichi kwa brashi kavu ya inchi 2, mkono mwepesi, ukifuta brashi kwenye kitambaa kila baada ya mpigo. Una kama dakika 10 hivi. Ukichelewa rangi huanza kukaza, brashi inavuta, na michirizi yake haiondoki. Rangi ikiwa nzito, ongeza tapentaini, isizidi sehemu 1 kwa 10. Mafuta ya taa huchelewesha kukauka na huacha utando. Na tina ya kupulizia magari usiiguse kabisa: huilainisha rangi ya chini iliyokwisha kukauka, ikajikunja kama utando wa maziwa ya moto.

Acha siku nzima. Wakati wa masika acha mbili. Usiharakishe kwa kuianika juani. Jua hukausha ngozi ya juu huku chini bado ni maji, halafu ngozi hiyo inajikunja makunyanzi. Ili kujua imekauka, gusa pembeni kwa mgongo wa kidole, kisha bonyeza kwa ukucha. Alama ikibaki, ondoka urudi kesho. Ikikauka, chora maumbo kwa chaki, jaza rangi, subiri tena siku, futa chaki kwa kitambaa kikavu, ndipo uingie kwenye vidoti.

Hapo mwambie mwanafunzi akae kimya atazame mkono wa fundi. Brashi ni namba 1, na inayochovywa ni ncha tu. Fundi anagusa, anainua wima, anagusa, anainua. Kidoti cha kwanza ni kikubwa, cha pili cha wastani, cha tatu kidogo, kisha anachovya upya. Kwa hiyo huanza katikati ya mgongo wa chui na kuelekea tumboni, vidoti vikipungua kadiri rangi inavyoisha kwenye brashi, na mwili wa mnyama unajazika bila kivuli hata kimoja kuchorwa. Anayeanza hukandamiza na kuvuta, akapata vikia kama vya viluwiluwi. Apige vidoti 200 kwenye kipande cha boksi kwanza.

Sasa darasa la wageni, lile ulilolipangia muda wa saa 3. Picha ya mafuta haikamiliki kwa muda wa saa 3, na anayeahidi hivyo anampa mgeni tope. Andaa vitambaa vya sentimita 30 kwa 30 vyenye rangi ya nyuma iliyopakwa siku mbili kabla. Chagua mchoro wa maumbo machache, na kati ya umbo na umbo acheni uwazi wa milimita 2 ili rangi mbichi zisikutane. Vidoti vipigwe juu ya rangi ya nyuma, kuzunguka mnyama. Juu ya mwili ambao bado mbichi vitatanuka na kuzama. Mwambie mgeni, kabla hajalipa, kwamba picha itachukuliwa baada ya siku 2. Asiyeweza kusubiri apewe akriliki, rangi inayochanganywa kwa maji na inayokauka kwa nusu saa, lakini kwenye kitambaa chenye msingi wa rangi ya maji tu. Akriliki juu ya rangi ya mafuta hubanduka.

Watoto wasiguse rangi ya mafuta. Mvuke wa tapentaini ni mzito kwao, na baadhi ya rangi hizo, hasa njano na nyekundu kali, huwa na madini ya risasi. Wape akriliki au rangi za shule zinazoyeyuka kwa maji. Na vitambaa vya kufutia usivirundike pamoja: vikilowa rangi ya mafuta hujipasha joto vyenyewe na vinaweza kuwaka bila kiberiti. Vitie kwenye ndoo ya maji yenye mfuniko.

Kutundika ni kazi ndogo. Katikati ya picha iwe sentimita 150 hivi kutoka sakafuni, jua lisiipige, na nyuma ya pembe za chini bandika vipande vya kizibo ili hewa ipite; kuta za pwani zina chumvi na unyevu. Zilizobaki usizifungie kabatini. Nyeupe ya rangi ya mafuta hugeuka manjano ikikaa gizani.

La daftari tunakusihi sana. Kila picha inayoingia iandikwe: jina la mchoraji, kipimo, tarehe, bei mliyokubaliana, na mgawanyo. Sisi tunaona asilimia 70 kwa mchoraji na 30 kwa banda ni haki, na alipwe ndani ya wiki moja tangu picha iuzwe. Jina liwe la aliyechora. Kama kijana ndiye aliyejaza rangi na fundi akamalizia, majina yote mawili yaandikwe kwa penseli kwenye ubao wa fremu nyuma. Wino juu ya kitambaa huweza kupenya hadi mbele. Kuweka jina la mkubwa kwenye kazi ya mdogo kumewaumiza wachoraji wengi, na mnunuzi akigundua hakuamini tena. Kumbuka pia kwamba kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, anayenunua picha hajanunua ruhusa ya kuichapa kwenye fulana. Liandike kwenye risiti.

Mnunuzi wa safari atataka kuikunja. Subiri wiki 2 baada ya kidoti cha mwisho, ivue kwenye fremu, izungushe kwenye bomba la upana wa sentimita 10, upande wenye rangi ukiwa nje, na katikati uweke karatasi ya kuokea mikate. Gazeti litaganda na kuacha maandishi yake juu ya twiga.

Kwa hiyo isogeze hiyo siku ya kufungua. Msingi siku 2, rangi ya nyuma siku 2, maumbo siku 2, vidoti siku 1, halafu wiki 2 za kukomaa ukutani: hiyo ni kama wiki 3 kwa picha moja, mvua isiponyesha. Marekani iloweke leo usiku.

Wasalimie hapo nyumbani.

Ni sisi kaka na dada zako, Dar es Salaam