Barua ya Malalamiko: Jina la Absalon, Ua la Dukani

Leeds, Uingereza
3 Juni

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

KUH: VITUNGUU VINANE VYA TULIPU NILIVYOUZIWA KWA MAJINA YASIYO YAKE

Pokea salamu zangu. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu tangazo lenu nililisoma kwa Kiswahili, na dada aliyepokea simu zangu mbili alinihudumia kwa Kiswahili kizuri na kwa heshima. Yeye sina neno naye. Malalamiko yangu ni juu ya waliofunga ile mifuko, walioandika maelezo yake, na zaidi juu ya aliyenijibu kwa barua pepe tarehe 19 Mei.

Septemba iliyopita niliagiza kwenu vitunguu vitano vya kupanda vya ua la tulipu, aina ya Absalon, pauni 8 kila kimoja, na vitatu vya Zomerschoon, pauni 12 kila kimoja. Pamoja na gharama ya kutuma nililipa pauni 82, na risiti ninayo. Kwa fedha hizo ningeweza kujaza ua mzima kwa tulipu za dukani. Sikuzitaka za dukani. Katalogi yenu iliahidi tulipu za kale zilizovunjika rangi, yaani zenye milia na michoro, "zile zile zilizowatia watu wazimu Uholanzi mwaka 1637", enzi watu walipoahidiana bei za ajabu kwa kitunguu kimoja. Kwa neno hilo nikafungua pochi.

Mimi si mgeni wa maua. Nilifanya kazi miaka sita kwenye mashamba ya waridi Naivasha, kwanza kukata, halafu kwenye chumba cha kupanga na kufunga. Pale tulifundishwa kwamba jina lililo kwenye boksi ni ahadi. Ukichanganya aina moja na nyingine, hata kama waridi zenyewe ni nzuri, mzigo unakurudia na msimamizi anakuja kuuliza ni nani aliyefunga. Nimewahi kukesha nikifungua maboksi upya kwa sababu ya lebo tu. Ndiyo maana jambo hili haliniingii akilini.

Nilipohamia huku, mwenzangu wa kazini alinipeleka Wakefield kwenye maonyesho ya chama cha wakulima wa tulipu kilichoanzishwa mwaka 1836 na ambacho kipo hadi leo. Maua yanawekwa kwenye chupa za bia za kahawia, ua moja kila chupa, juu ya meza ndefu. Nilikuwa nimezoea waridi, mashina elfu yanayofanana kama askari wa gwaride. Pale kila ua lilikuwa na uso wake. Lipo lililochorwa pembeni tu mwa petali kwa mistari myembamba kama unyoya, na lipo ambalo rangi inapanda katikati kama ulimi wa moto na kutawanyika hadi ukingoni. Wanazigawa kwa rangi: nyekundu au waridi juu ya nyeupe, zambarau juu ya nyeupe, na kahawia au nyekundu juu ya njano. Majaji wanainama, wanatazama ndani hadi kwenye kitako cha ua, na kitako kikiwa na doa ua hilo linapoteza alama. Nilisimama kwenye meza moja mpaka mwenzangu akaja kunitafuta.

Sasa niruhusuni nieleze kwa urefu kidogo jinsi rangi inavyovunjika, kwa kuwa jibu lenu limenionyesha kwamba aliyeliandika hajui alichokuwa anauza.

Petali ya tulipu ina rangi ya chini, nyeupe au njano, na juu yake kuna rangi nyingine, mathalani nyekundu au zambarau. Katika tulipu iliyovunjika, virusi vimeingia kwenye mmea na kuizuia ile rangi ya juu isitandazwe sawasawa. Mahali pengine haipo kabisa, na ile ya chini inachungulia. Mahali pengine imerundikana na kukolea. Michoro ile ndiyo alama ya ugonjwa. Wakulima wa Haarlem, Uholanzi, wa karne ya 17 hawakulijua hilo. Waliona tu kwamba kitunguu kilichotoa ua la rangi moja mwaka jana kimetoa ua la milia mwaka huu, na watu wakajaribu kila dawa, kinyesi cha njiwa na plasta ya kuta kuukuu, ili bahati hiyo iwafikie na wao. Carolus Clusius, mtaalamu wa mimea aliyefika Leiden, Uholanzi, mwaka 1593 na kuanzisha bustani ya mimea ya chuo kikuu pale, alikwisha kuona kwamba tulipu ikivunjika rangi hudhoofika. Lakini sababu haikupatikana mpaka Dorothy Cayley, mtafiti wa taasisi ya John Innes iliyokuwa Merton, London, alipounganisha vipande vya vitunguu vilivyovunjika na vitunguu vizima, na vile vizima navyo vikavunjika. Alichapisha matokeo yake mwaka 1928. Baadaye ikathibitishwa kwamba wanaobeba ugonjwa huo shambani ni vidukari, wadudu wale wale niliokuwa nikiwasaka chini ya majani ya waridi kule Naivasha.

Virusi hivyo havipiti kwenye mbegu. Ukipanda mbegu ya tulipu iliyovunjika unasubiri miaka mitano, sita, hata saba, kisha unapata ua la rangi moja, tena si lile la mama yake. Njia pekee ya kuiendeleza ni vile vitoto vinavyoota ubavuni mwa kitunguu, na mmea mgonjwa huzaa vichache. Maana yake ni hii: Zomerschoon, inayojulikana tangu mwaka 1620, haijawahi kufa na kuzaliwa upya. Ni mmea mmoja uliogawanywa mkono kwa mkono kwa miaka mia nne. Bibi yangu alipohama Taita alibeba chipukizi la mgomba wa mama yake kwenye kikapu, na mgomba huo tunakula ndizi zake mpaka leo. Mtu akija kumwambia bibi kwamba mgomba mwingine wowote wenye ndizi zinazofanana ni "ule ule", angemjibu vizuri. Semper Augustus, tulipu nyeupe yenye miali myekundu ambayo kitunguu chake kimoja kilitajiwa bei ya hadi gilda 10,000, fedha ya Uholanzi ya enzi hizo, ilitoweka kwa sababu mnyororo huo ulikatika. Na picha yake ndiyo mliyoichapisha kwenye mfuko wa vitunguu vyangu.

Kwa hiyo nilijiandaa kupokea mgonjwa. Nilikuwa na mayungiyungi yangu ya miaka mitano, meupe, yenye harufu inayoingia hadi jikoni. Niliyang'oa yote Oktoba nikampa jirani wa mtaa wa tatu, kwa sababu mayungiyungi na tulipu huambukizana virusi vya namna hii. Tulipu zangu za kawaida nikazigawa kanisani. Nilinunua vyungu vikubwa na udongo mpya, nikaviweka upande wa pili wa nyumba. Vitunguu vilipofika niliona ni vinene na vizito, vinajaza kiganja. Tulipu yenye virusi mara nyingi hutoa kitunguu kidogo, nami nikashtuka, lakini nikajiambia kwamba huenda mkulima wenu ni hodari. Nikavipanda Novemba, kina cha sentimita 15, vikapata baridi yake ya majira. Kuanzia Machi nilikuwa nikitoka kila asubuhi kabla ya zamu, nainua jani moja moja kwa kidole, natafuta vidukari.

Zilichanua wiki ya kwanza ya Mei, zote nane. Absalon ni ua la njano lenye miali ya kahawia iliyoiva, kama mbao ya mvule iliyopakwa mafuta. Mlizoniletea ni njano yenye mlia mwekundu wa kung'aa, mpana, katikati ya kila petali, unaokoma mahali pale pale. Nilikata ua moja, nikazipanga petali zake sita mezani karibu na dirisha. Nikakata la pili nikazipanga chini yake. Zilikuwa kama zimegongwa muhuri mmoja, hakuna unyoya pembeni, hakuna uzi uliopotea njia. Zile tatu za Zomerschoon ndivyo zilivyokuwa, nyeupe na mlia wa waridi, wakati yenyewe hasa ina rangi ya malai iliyochanwachanwa kwa wekundu wa stroberi. Nilichukua moja nikaenda nayo Wakefield. Mzee mmoja aliyekuwa akipanga chupa aliipokea, akaifungua kwa vidole viwili, akatazama kitako, akanirudishia taratibu. Akaniuliza nililipa kiasi gani. Nilipomtajia akaomba radhi, yeye ambaye hakunikosea lolote.

Hizo ni tulipu za kisasa ambazo milia yake imo kwenye uzao wake wenyewe, bila virusi. Watu huziuza kwa jina la Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi wa karne ya 17. Sina ugomvi nazo. Ni imara, hazimwambukizi jirani, na anayezipenda azinunue kwa jina lake na kwa bei yake, ambayo ni ndogo sana kuliko niliyolipa.

Nilipolalamika, mlinijibu kwamba vitunguu vyenu "ni vya asili ile ile ya kale, ila vimesafishwa virusi kwa usalama wa wateja". Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Bwana au Bibi Meneja, ukiviondoa virusi umeiondoa michoro. Absalon bila virusi haina ile miali ya Absalon. Ni sawa na kuniuzia mkaa ukisema umeondolewa weusi. Ama mliniuzia tulipu iliyovunjika, ikiwa na ugonjwa wake, ama mliniuzia tulipu salama ambayo si hiyo. Hayo mawili hayaingii chungu kimoja, na mteja aliyelipa pauni 12 kwa kitunguu kimoja hakustahili kujibiwa hivyo. Halafu mkanipa punguzo la asilimia 10 kwa ununuzi ujao.

Lipo jambo linalonitia hofu kuliko fedha zangu. Kikaratasi cha maelekezo kilichokuwa ndani ya mfuko kinasema zipandwe "pamoja na tulipu nyingine na mayungiyungi kwa mandhari ya kuvutia". Kama kuna mteja aliyebahatika kupata zilizovunjika kweli kutoka kwenu, mmemwelekeza atie ugonjwa bustani yake yote. Kikaratasi hicho hicho kinasema Rembrandt ndiye aliyezichora na kuzipatia umaarufu. Rembrandt hakuwa mchoraji wa maua. Kazi hiyo waliifanya kina Ambrosius Bosschaert na, baadaye, Jan van Huysum. Hilo la Rembrandt ningelinyamazia. La mayungiyungi siwezi.

Wapo wanaozitunza hizi za kweli kwa jasho. Kule Limmen, Uholanzi, bustani ya Hortus Bulborum imekuwa ikihifadhi aina za kale tangu mwaka 1928. Zinapandwa, zinachimbwa, zinahesabiwa, zinarudishwa ardhini kila mwaka ili jina lisibaki bila ua. Wakefield ni watu wachache wanaopeana vitoto vya vitunguu kwenye bahasha. Mkiuza nyingine kwa majina yale yale, mtu anayezitafuta anaamini amezipata, anaacha kutafuta, na wale wanaozihangaikia wanakosa mtu wa kuwasaidia kuzibeba.

Ninachodai ni haya. Mnirudishie pauni 82 zote, si vocha. Muondoe majina Absalon na Zomerschoon, pamoja na picha ya Semper Augustus, kwenye mifuko ya tulipu hizi. Mrekebishe kikaratasi, na muwaandikie wote walionunua vitunguu hivi msimu uliopita muwaeleze ni aina gani hasa waliyopewa. Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015 ya hapa Uingereza inataka bidhaa ilingane na ilivyoelezwa, na hii hailingani. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Baada ya hapo nitalipeleka suala hili kwenye ofisi ya kulinda walaji nikiwa na risiti, barua pepe yenu na picha. Na aliyeandika ile sentensi ya kusafisha virusi, naomba yeye mwenyewe ndiye anijibu, kwa jina lake.

Nimeambatisha nakala ya risiti, picha sita, na petali mbili zilizokaushwa kutoka kwenye maua mawili tofauti, ili mzilaze moja juu ya nyingine mjionee. Vitunguu vyenyewe nitavichimba majani yakishakauka, mwishoni mwa mwezi huu. Ni vyenu, mkivitaka nitumieni gharama ya posta nivirudishe, na kila mfuko nitauandikia lebo ya kilichomo.

Wenu,
Mteja, Leeds