Barua ya wazi kwa Mheshimiwa: bandikeni orodha yetu wapangaji wa zamani wa kota

Mheshimiwa, shikamoo.

Yah: ORODHA YA WAPANGAJI WA ZAMANI WANAOTAKIWA KURUDI KOTA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua nilizoleta ofisini kwako zimegongwa muhuri wa kupokelewa na hakuna iliyojibiwa, nakala ninazo. Jina la ofisi yako na la mtaa wetu nimeyaacha. Wewe ukisoma utajijua, na majirani zangu wa zamani watajua pia, maana tumetawanyika Chanika, Chamazi, Mbagala, Kivule, wengine wamesharudi mikoani kwao, lakini wote tunangoja jambo moja, kurudi kwenye maghorofa yanayojengwa pale zilipokuwa kota zetu.

Kilichonifanya niandike leo ni taarifa ya habari ya wiki iliyopita. Ulikuwa umesimama saiti umevaa helmeti na reflekta, nyuma yako jengo la kwanza limepigwa plasta na madirisha ya aluminiamu yameshawekwa, ukasema ujenzi unaendelea vizuri na wananchi tuwe watulivu. Kamera haikugeuzwa upande wa pili Mheshimiwa. Kesho yake nikitoka kazini nilishuka kituo kile cha zamani nikazunguka kwa nyuma, pale bati la uzio limeachia. Jengo la tatu limeishia ghorofa ya pili, nondo zimechomoza juu zimeliwa na kutu mpaka mvua imeishusha ile kutu na kuacha michirizi ya kahawia kwenye nguzo. La nne ni shimo tu, limejaa maji ya kijani na watoto wanarusha mawe humo, siku mtoto atatumbukia ndio tutaona magari ya viongozi. Mlinzi aliniambia mafundi wa majengo hayo mawili waliondoka kabla ya Ramadhani na hawajarudi, winchi imebaki imesimama.

Lakini hilo ningelivumilia. Nimeshavumilia mengi. Kilichonikata maini ni bango.

Bango la kwanza, lile lililowekwa siku mlipoanza kuchimba msingi, liliandikwa mradi wa makazi kwa wakazi wa kota, nalikumbuka vizuri kwa sababu mama yangu alisimama chini yake tukampiga picha na picha hiyo ninayo kwenye simu mpaka leo. Sasa hivi limetolewa. Lililowekwa lina rangi nzuri, lina picha ya familia imekaa kwenye sofa, limeandikwa makazi ya kisasa, maduka na ofisi, na chini kuna namba ya simu ya mauzo. Wakazi wa kota hatumo. Nilipiga hiyo namba, kijana mmoja mstaarabu tu akapokea akaniuliza nataka chumba kimoja na sebule au vyumba viwili, nikamwambia mimi ni mtoto wa mpangaji wa zamani nataka kujua utaratibu wetu, akanyamaza kidogo kisha akasema dada hilo mimi sina taarifa nalo, mimi nauza. Sasa anauza nyumba za nani? Kama za kwetu zimo kwenye majengo mawili yanayokaribia kuisha nani ataingia, na kama zimo kwenye lile shimo basi tuambiwe leo tujue.

Naomba nikukumbushe tulikotoka, maana ulipoteuliwa ulitukuta tumeshatolewa na inawezekana hukuelezwa vizuri. Kota zile zilijengwa enzi za mkoloni kama zile za Ilala na Magomeni, nyumba za chini, vyumba vimepangana, ua katikati na choo nje. Mama aliingia pale akiwa msichana aliyeolewa juzi, akazaa watoto wote pale, akamzika mume akitokea pale. Kodi alilipa. Vitabu vya risiti alikuwa anavifunga na kamba ya katani anaviweka chini ya godoro, karatasi zingine zimekuwa nyepesi ukizishika zinakatika lakini mihuri inasomeka. Mwishoni mwa 2019 wakaja watu wa ofisi yenu wakapita nyumba kwa nyumba, wakapiga X nyekundu milangoni, wakaandika namba ya kaya, wakampiga mama picha ameshika kipande cha ubao chenye namba hiyo, wakampa kadi ya manila ya njano ina jina lake, namba na muhuri. Mkutano ukafanyika uwanja wa shule, tukaambiwa miezi 18 tu mtarudi kwenye ghorofa na kila mwenye kadi ana nyumba yake. Watu walipiga makofi. Mama alipiga vigelegele kabisa. Hatukupinga mradi Mheshimiwa na mpaka leo sipingi, zile nyumba zilikuwa zimechoka, mvua za masika tulikuwa tunalala tumekinga ndoo.

Tukapewa pesa ya pango ya mwaka mmoja. Kuna mzee wetu mmoja, karani mstaafu, alisimama akauliza kwa nini mwaka mmoja wakati kanuni za fidia za mwaka 2001 zinasema posho ya makazi hesabu yake ni pango la mwezi mara 36, akajibiwa kwamba ile ni ya wenye nyumba zao na nyie ni wapangaji, mshukuru hata hiki. Tukanyamaza. Tukasema miezi 18 sio mingi.

Wewe unalijua jiji hili. Mwenye nyumba hapokei kodi ya mwezi mmoja, anataka miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka, na dalali anachukua ya kwake ya mwezi mzima kabla hujaingiza hata kitanda. Ile pesa iliisha. Tukahama Buguruni kwa sababu mwenye nyumba alipandisha, tukaenda Gongo la Mboto, sasa niko Chanika. Mimi nashona sare za shule Kariakoo. Nikiwa kota nilikuwa natembea kwa miguu mpaka kwenye cherehani yangu, mchana narudi kumpikia mama uji. Sasa hivi naamka saa tisa usiku, nabanana kwenye daladala nimesimama mpaka mjini, jioni ndio hivyo hivyo foleni, nafika watoto wameshalala na daftari hazijakaguliwa na mtu. Nauli ya mwezi inakaribia kodi ya chumba. Na nikinunua umeme wa LUKU nakatwa kodi ya jengo la mtu mwingine kila mwezi wakati jengo ambalo niliahidiwa sijui hata limefika wapi.

Mama hakuwahi kuizoea Chanika. Alikuwa anaulizia kila mtu anayetoka mjini, vipi umepita kota, wamefika ghorofa ya ngapi? Ile kadi ya njano aliiweka kwenye mfuko wa plastiki ndani ya mkoba wake na hata hospitali alikwenda nayo. Alifariki mwaka juzi.

Sasa hapa ndipo penye ubishi wangu na ofisi yako. Nilikuja na kadi nikaambiwa mwenye kadi ni marehemu, kafungue mirathi. Sawa, sheria ni sheria. Tukakaa kikao cha familia, tukaandika muhtasari, nikafuata cheti cha kifo, nikaenda Mahakama ya Mwanzo, tangazo likabandikwa, siku zikaisha nikateuliwa msimamizi. Hakimu aliniuliza marehemu ameacha mali gani, nikamjibu ameacha vyombo vyake na haki ya nyumba kwenye mradi wa kota, akaiangalia ile kadi mbele na nyuma akaniuliza hii nyumba ipo wapi. Sikuwa na jibu la kumpa. Nikarudi ofisini kwako na karatasi zote za mahakama, dada wa mapokezi akasema zimekamilika, ila kuhusu kama jina la mama lipo kwenye orodha ya wanaorudi hana mamlaka ya kusema. Nikauliza nani ana mamlaka, akasema bosi. Bosi yupo kikaoni. Nikija tena bosi yupo safari, nikija tena wanasema orodha inahakikiwa. Inahakikiwa na nani, kwa kutumia nini, wakati kadi tunazo sisi na hakuna aliyetuita?

Mitaani yanasemwa mengi na mimi nitayasema kwa sababu ukimya wenu ndio unayazaa. Wengine wanasema mkandarasi hajalipwa hati zake za malipo ndio maana kaondoa mafundi. Inawezekana, tunaona miradi mingi inasimama kwa sababu hiyo. Wengine wanasema bei ya nondo na saruji imepanda ikala bajeti, na hilo pia naweza kulielewa, mimi mwenyewe bei ya vitambaa inanisumbua. Ila kuna wanaosema kwamba pesa ilipokwama akatafutwa mbia mwenye mtaji, na huyo mbia hawezi kurudisha hela yake kwa watu wa kadi za njano, kwa hiyo majengo ya mbele yakawa ya kuuza na sisi tukasogezwa kwenye shimo. Sina ushahidi. Lakini nikiunganisha lile bango jipya na namba ya mauzo na orodha isiyoonekana, akili yangu inanipeleka huko huko, na kama nimekosea wewe ndiye mwenye uwezo wa kunirekebisha kwa siku moja tu.

Wala usituambie haiwezekani, kwa sababu Magomeni Kota imewezekana. Wale wenzetu kaya 644 walitolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010, nyumba zikavunjwa, eneo likakaa pori miaka na miaka watu wanahangaika kama sisi. Oktoba 2016 Rais Magufuli akaenda pale, akasema mbele yao nyumba zitajengwa na watarudi wao, wakae miaka mitano bila kulipa pango ndio wauziwe. Yakajengwa maghorofa matano, na Machi 2022 Rais Samia akayafungua na wakazi wakaingia. Walichelewa sana na wapo waliokufa bila kuingia, nalijua hilo, na habari ya bei za kuuziwa nayo ilileta maneno. Lakini hesabu yao ilijulikana. Kila mtu mjini alikuwa anaitaja, kaya 644, magazeti yanaandika 644, kiongozi akisimama anasema 644, kwa hiyo hata akitokea mjanja anataka kupenyeza watu wake atawapenyeza wapi? Sisi ni kaya ngapi, Mheshimiwa? Hebu taja. Kwenye ile taarifa ya habari hukutaja, na bangoni haipo.

Mnasema orodha ni siri kwa ajili ya usalama wa taarifa za watu. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 majina yetu yalibandikwa ukutani ofisi ya mtaa, nilienda nikasogeza kidole nikajiona, jirani akajiona, aliyekosewa jina akasema. Hakuna aliyedhurika. Kama tukitakiwa kupiga kura majina yanabandikika, tukitakiwa kurudi nyumbani inashindikana kwa nini?

Nilikuwa nimeandika hapa mambo mengi, kwamba mkandarasi arudi, shimo lizungushiwe uzio leo leo kabla mtoto hajafa, tuelezwe tutakuwa wapangaji wanunuzi, yaani tunapanga huku tunalipia kununua, au wapangaji tu, na tukija kuuziwa kila mtu atapata hati ya sehemu yake ya jengo kwa ile sheria ya mwaka 2008 au tutapewa tena kadi za manila. Na pesa ya pango ya hii miaka yote mliyotuchelewesha nani analipa. Yote hayo nayataka na sijayafuta. Lakini nimezunguka vya kutosha kujua kwamba nikileta mambo saba nitajibiwa yanafanyiwa kazi. Kwa hiyo nashikilia moja.

Bandikeni orodha. Sihitaji hafla wala waandishi wa habari wala mkutano wa kupiga makofi. Karatasi za kawaida zilizopigwa chapa, jina, namba ya kaya, jengo namba ngapi, ghorofa ya ngapi, muhuri wako chini, zibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa pale kota na nje ya ofisi yako. Aliyekufa aandikwe na msimamizi wake wa mirathi pembeni. Aliyeongezwa ambaye hakuwahi kukaa pale tutamwambia hatumjui, sisi tunajuana kwa majina, kwa watoto na kwa nani alikuwa anachota maji bomba lipi. Hii kazi haihitaji saruji, haihitaji nondo, haihitaji mbia. Wale waliotupiga picha na vibao vifuani wameshaiandika, ipo kwenye faili kabatini kwenu, au kwenye kompyuta, inatakiwa tu mtu aamue kuitoa.

Jumatatu nitakuwa pale nje ya ofisi ya mtaa na kadi ya mama na karatasi za mahakama, na wenzangu niliowapata kwenye simu watakuja na za kwao. Tutasimama kwa amani, tusiletewe defenda za polisi. Tunakuja kusoma majina. Orodha iwepo, Mheshimiwa.

Ni mimi,
Msimamizi wa mirathi ya mpangaji wa zamani wa kota,
Kwa sasa napanga Chanika, Dar es Salaam.