Barua ya wazi kwa Waziri wa Maandalizi ya Maafa: magogo mawili na dakika 50

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Misaada, Maandalizi ya Maafa na Wakimbizi,
Ofisi ya Waziri Mkuu, Kampala.

Mheshimiwa Waziri,

Salamu nyingi kutoka Mbale.

Kuna kijito kwenye miteremko ya Mlima Elgon ambacho wenyeji hukivuka kwa magogo mawili ya mkaratusi yaliyofungwa pamoja kwa waya. Nilikaa kando yake siku ya gulio, saa mkononi. Akaja mama mmoja, mtoto mgongoni, mkungu wa matooke kichwani. Alipofika kwenye magogo alivua kandambili akazibana kwapani, akagusa gogo kwa vidole vya mguu kama anayepima maji ya kuoga, kisha akavuka. Nyuma yake watu wanne walisimama wakingoja. Hakuna aliyemhimiza, kwa maana wote wanajua magogo yale hubeba mtu mmoja mmoja.

Mchana, jua likiwaka, kila mvukaji alichukua kama sekunde tano. Hao ni watu 12 kwa dakika. Tuseme wanaoishi upande wa juu ni 600. Kuwavusha wote ni dakika 50, na hapo hakuna aliyeteleza, hakuna mzee wa kubebwa, wala si usiku wa mvua. Daraja la miguu lenye upana wa mita moja tu, sakafu imara na mahali pa kushika, linaweza kupitisha watu wapatao 80 kwa dakika. Watu wale wale 600 wangekuwa ng'ambo kwa chini ya dakika nane.

Hiyo ndiyo kazi yangu, Mheshimiwa. Nauliza swali moja: watu hawa wakitakiwa kuondoka sasa hivi, wa mwisho wao atafika mahali salama saa ngapi? Mimi ni mhandisi wa usafirishaji, mtafiti wa namna watu na magari wanavyosogea. Tarehe 1 Machi 2010, mlima uliposhuka juu ya Nametsi kule Bududa na kuua watu zaidi ya 100, nilikuwa mwanafunzi Makerere, nimekaa kwenye makutano ya barabara nikihesabu taksi kwa vistari kwenye daftari. Kituo cha afya cha Nametsi, mahali ambapo kila mtu angedhani ni pa kukimbilia, nacho kilifukiwa. Nililisoma hilo gazetini na sikulisahau. Tangu siku hiyo nikaacha kujali sana jamu ya Kampala; nikataka kujua watu hukimbia vipi, na hukimbilia wapi.

Nilikwenda kusoma kusini mwa Marekani, pwani ya vimbunga, kwa sababu huko elimu hii ina wazee wake. Na haikuanza kwa vimbunga. Machi 1979 kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, Pennsylvania, kilipata ajali, na watu zaidi ya 100,000 wakaondoka majumbani mwao. Baada ya hapo wahandisi wakaanza kuandika programu za kompyuta za kukadiria mji unachukua muda gani kutoka, na kila kinu cha nyuklia nchini humo kikatakiwa kuwa na makadirio ya muda wa kuwahamisha wote wanaoishi ndani ya kilomita 16 hivi. Makadirio hayo hutoa saa na dakika, mchana na usiku, hali ya hewa nzuri na mbaya, wenye magari na wasio nayo.

Sisi Uganda tunapanga kujenga kinu cha nyuklia wilayani Buyende. Siku kitakapojengwa, hakuna shaka tutaulizwa mpango wa dharura, na tutauandika. Basi kwa nini mtu wa Bukalasi, kule Bududa, asiandikiwe wake leo? Mlima ulio juu yake umekwisha kuua. Kinu bado hakijamwagiwa hata zege.

Huko Marekani nilijifunza pia kwamba kukimbia bila hesabu kunaua. Septemba 2005, wiki chache baada ya kimbunga Katrina kuizamisha New Orleans, kimbunga Rita kilielekea Texas. Watu zaidi ya milioni mbili walitoka Houston na pwani yake karibu kwa wakati mmoja, wengi wao hata hawakuambiwa watoke. Magari yakasimama saa nyingi kwenye joto, petroli ikaisha. Basi lililowabeba wazee kutoka nyumba ya kuwatunza likashika moto karibu na Dallas, wakafa 23. Ukijumlisha, safari yenyewe iliua watu wapatao 100.

Nilirudi nyumbani na modeli hizo za kukadiria muda kwenye kompyuta, nikidhani nitabadilisha ramani tu. Nilikosea. Modeli niliyofundishwa ilimpa kila mwenye nyumba gari na barabara ya lami mlangoni. Tazama Goma, hapo jirani Kongo: volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, na alfajiri ya tarehe 27 watu wa sehemu kubwa ya mji wakaagizwa waondoke. Walitoka mamia ya maelfu, kwa miguu, kwa pikipiki, juu ya malori, kwa mashua ziwani; wengine wakielekea mji wa Sake, wengine wakivuka mpaka kuingia Rwanda. Hesabu yetu lazima ianze hapo, kwenye miguu ya mtu aliyebeba godoro.

Tena muda wa kuhama hauanzi mtu anapopiga hatua ya kwanza. Kuna muda wa wakubwa kuamua, wa habari kufika, wa watu kujiandaa, ndipo ije safari. Safari ndiyo inayoonekana, lakini kwenye miteremko yetu kujiandaa ndiko kunakokula dakika. Mama huhesabu watoto kwanza. Mmoja yuko kwa shangazi, basi hawezi kuondoka. Baba hurudi kumfungua mbuzi. Nimesikia watu wakimwita huyo mkaidi, na inaniuma, kwa sababu mbuzi yule ndiye ada ya shule ya muhula ujao. Mpango usiosema mbuzi atafungwa wapi huko chini hautafuatwa, na wasioufuata hawatakuwa na kosa.

Na huko chini kwenyewe ni wapi? Oktoba 2018 ardhi ilikatika juu, ikaingia Mto Suume, na tope na mawe yakafika hadi kwa watu wa Bukalasi waliokuwa bondeni. Zaidi ya 40 walikufa. Kwa hiyo kumwambia mtu "shuka bondeni" kunaweza kuwa kumpeleka kwenye njia ya mauti. Hapa Mbale, usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito Nabuyonga na Namatala ilipofurika, barabara yenyewe ndiyo iliyokuwa hatari. Kati ya waliokufa walikuwemo abiria wa taksi iliyosombwa na maji. Mei 2023 maji ya Mto Katonga yalikata barabara kuu ya Kampala kwenda Masaka, magari yakazungushwa Gomba na Sembabule. Barabara hiyo kubwa ilikuwa na mbadala, ingawa mrefu. Vijiji vingi vya Elgon havina hata huo.

Niruhusu nikueleze jambo moja lililonipata. Miaka kadhaa iliyopita niliandaa ramani ya njia za miguu za gombolola moja, yaani eneo la vijiji kadhaa ndani ya wilaya: kila kivuko, kila mteremko unaoteleza, muda wa kutembea. Niliipeleka kwa mikono yangu kwenye ofisi iliyohusika, ambayo sitaitaja. Niliporudi nikaikuta ndani ya kabati, imekunjwa vilevile nilivyoikunja. Ofisa aliyekuwepo hakuwa mtu mbaya. Alifungua daftari lake akanionyesha safu alizotakiwa kujaza: blanketi, sufuria, posho, maharage, maturubai, idadi ya marehemu. "Nionyeshe wewe," akaniambia, "hii ramani yako niijaze wapi?"

Nilikosa la kumjibu, Mheshimiwa. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Naomba safu hiyo iwepo. Sera ya taifa ya maafa ya mwaka 2010 ilikwisha kukubali kwamba kujiandaa ni bora kuliko kuokoa. Kinachokosekana ni tarakimu. Wilaya za Elgon na za Rwenzori, ambako Mto Nyamwamba uliiharibu hospitali ya Kilembe mwaka 2013 na tena 2020, ziagizwe kuandika kwa kila kijiji kilicho hatarini: muda wa mtu wa mwisho kufika salama mchana, muda wake usiku wa mvua, na jina la mahali anapofikia, pakiwa pamekaguliwa na mtaalamu wa miamba. Muda ukizidi ule unaoweza kutolewa na onyo la mvua, basi lifanyike moja: daraja, njia, au watu wahame kabla ya msimu kwa hiari na kwa heshima. Kuhamishia watu Kiryandongo na Bunambutye kumesaidia baadhi yao, lakini mlima bado una watu na utaendelea kuwa nao, maana udongo wake unalisha.

Madaraja ya miguu yaingie kwenye bajeti ya maafa. Leo hayana mwenyewe. Kwa wa barabara ni madogo mno, kwa wa maafa ni ujenzi. Magogo yale mawili hayapo kwenye ramani yoyote ya serikali niliyowahi kuiona.

Na vijana. Nimefundisha wanafunzi wazuri sana wa hesabu hii, wanaoweza kupima njia kwa simu na kuiweka kwenye kompyuta usiku uleule. Wanamaliza shule, hawaoni ofisi hata moja inayotangaza kazi hiyo, wanakwenda kupima viwanja vya kuuza. Nafasi moja ya kazi kwa kila wilaya iliyo hatarini ingetosha kuanzia.

Nimeandika kwa Kiswahili kwa kukusudia. Baraza la Mawaziri liliridhia Julai 2022 kwamba iwe lugha rasmi, na mlimani nimeona faida yake: mkulima anaongea Lumasaaba, lakini askari anayefika kuokoa, dereva wa lori na mtu wa boda wanakutana naye kwenye Kiswahili. Maneno ya onyo yaandaliwe mapema kwa lugha zote mbili, mafupi, yakitaja njia na mahali, yawe kwenye simu ya kila mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji.

Mvua za kwanza huanza Machi. Kabla ya hapo naomba uje siku moja ya gulio, bila msafara mkubwa kwa kuwa njia haina nafasi, uvae gambuti. Nitakuja na saa mbili, moja iwe yako. Tukae kando ya yale magogo tuhesabu pamoja mpaka watu waishe kuvuka.

Wako katika kazi,

Mtafiti wa usafirishaji na uhamishaji wa dharura,
Mbale