Niandikishe mwanangu bubu ili apate karatasi?

Jambo sana, Mama Mshauri.

Mimi ni mama wa watoto wanne, niko Lubumbashi, komine ya Katuba, nauza unga sokoni. Wa tatu, mvulana wa miaka 8, ndiye ananileta kwako. Kusema kwake ni kurudia. Ukimuuliza "Unataka maji?" naye anajibu "Unataka maji?" Anapanga vizibo vya chupa kwa rangi, kutoka mlangoni mpaka kwenye mbabula (jiko la makaa), na ole wako ukisogeza kimoja. Mwaka jana daktari alimchunguza, akaandika: otisme. Wenzetu wa Tanzania na Kenya wanaiita usonji.

Mkuu wa shule anakubali kumpokea, tena mdogo wangu akae naye darasani, ila anataka atestasiyo ya ulemavu, yaani karatasi rasmi ya kuthibitisha ulemavu. Nikadhani ni kazi ya asubuhi moja.

Ofisini, karani alimtazama mtoto toka utosini mpaka vidoleni. "Mama, huyu ana miguu, ana macho. Kilema kiko wapi?" Fomu yake ilikuwa na viungo, macho, masikio na kusema, akili. Akataka kuweka akili, nikakataa. Wapo watoto wenye otisme ambao akili pia inachelewa, na siwadharau, lakini daktari wetu hakuandika hivyo, na huyu wangu anajua namba za teksi zote zinazopita barabara yetu. Karani akanionea huruma (mtu mwema, nisimsingizie): "Basi tuandike kiziwi-bubu, nakupigia muhuri leo leo." Papo hapo akagonga muhuri kwenye karatasi ya mtu mwingine, paa! Mwanangu akaziba masikio kwa mikono miwili, akaingia chini ya meza. Kiziwi huyo!

Nyumbani, mume wangu anasema nikubali, karatasi ni karatasi. Mama mkwe hataki karatasi yoyote: jina la kilema litamfuata mtoto mpaka siku ya kuoa. Na kule kwenye chumba cha maombi waliniambia ni uchawi. Hao niliwajibu kwamba sheria ya 2009 ya kulinda watoto inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi. Wakanyamaza.

Kijana wa jirani anasomea sheria. Amenisomea kwamba mwaka 2015 Kongo yetu iliingia katika mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na kifungu cha 1 hakiishii kwenye miguu na macho. Kinataja pia akili na afya ya akili, mradi shida iwe ya muda mrefu na, ikikutana na vizuizi, imzuie mtu kushiriki sawa na wenzake. Tena tuna sheria yetu wenyewe ya 3 Mei 2022. Shirika la Afya Duniani nalo linaiweka otisme kati ya shida za ukuaji wa ubongo. Kwa hiyo vitabuni mwanangu yumo. Kwenye fomu ya karani ndipo hayumo.

Sasa nishauri. Nikubali hiyo "bubu"? Naogopa watampeleka kwenye shule ya viziwi, yeye anayesikia hata panya wa darini. Na akija kusema vizuri, si watasema mama alidanganya, karatasi ifutwe? Au nirudi kwa daktari, nimwombe asiishie kwenye jina la otisme, aandike yale mtoto asiyoyaweza peke yake: kuomba kwenda chooni, kuvuka barabara, kuvumilia kelele za darasa? Kuna mzazi aliyepita njia hiyo akafaulu?

Karani amenipa mpaka Ijumaa. Fomu iko kwangu, chini ya mfuko wa unga, na pale pa aina ya ulemavu bado peupe.

Aksanti sana,
Mama wa Katuba