Mwanangu, rudi kwa dokta umalize dozi kwanza halafu ndo tuongee fikra chanya

Marahaba mwanangu. Meseji yako nimeiona, kwamba dozi ya vidonda vya tumbo umeiacha katikati ufuate uponyaji wa fikra chanya, na zile klipu za mwalimu wako wa uponyaji nimesikiliza zote mpaka bando likakata, nilitaka nisikie kwa masikio yangu maana mama yako akisimulia jambo la mtoto wake lazima aongeze chumvi. Nimeona nikuandikie tu, kwenye simu tunaishiaga kukatana maneno halafu unanipa ile "sawa baba" ya kunifukuza.

Nianze na nilichokipenda, usije ukasema mzee wa Ujiji ni mbishi kwa kila kitu. Anaposema mgonjwa asitibiwe kipande kipande, kwamba tumbo lina mwenyewe na huyo mwenyewe ana usingizi wake, ana bosi wake, ana madeni, ana sala zake, hapo mi niko naye kabisa. Tena sio jipya hilo, Shirika la Afya Duniani limeliweka kwenye katiba yake iliyoanza kutumika 1948, kwamba afya ni mtu kuwa sawa mwili, akili na maisha yake na wenzake, sio kutokuumwa tu. Na huku kwetu hatukusubiri katiba, mtu asipoonekana barazani siku mbili watu wanakuja, mmoja kabeba uji, mwingine anachukua watoto wakalale kwake, mwingine hana hata cha kusema anakaa tu mkekani mpaka ikiadhiniwa magharibi ndo anaaga. Hiyo nayo ni tiba na hakuna anayetoza hela.

Lakini alivyofika kwenye vidonda vya tumbo, akasema eti vinaletwa na mtu kushikilia hasira na fikra hasi, na ukishausafisha moyo basi tumbo linajisafisha lenyewe, hapo nikaizima simu nikatoka nje kidogo.

Mwanangu hiyo habari ya mawazo kuleta vidonda hata madaktari wenyewe waliiamini miaka na miaka. Mgonjwa anaambiwa pumzika, kunywa maziwa, punguza hasira, anapewa dawa ya kupunguza asidi, anapata nafuu, mwaka haujaisha vimerudi. Halafu kule Australia, mji wa Perth, kulikuwa na daktari anaitwa Robin Warren, kazi yake kuangalia vinyama vilivyokatwa matumboni mwa wagonjwa kwa darubini, akawa anaona vijidudu mahali ambapo kila msomi alikuwa anajua hakuna kinachoweza kuishi kwa ukali wa ile asidi. Akaungana na daktari kijana, Barry Marshall, wakahangaika kuviotesha maabara vikagoma, mpaka 1982 sikukuu ya Pasaka vile visahani vikaachwa siku nyingi kuliko kawaida kwa sababu ya mapumziko, kurudi wanakuta vimeota! Wakubwa bado hawakuamini. Basi 1984 Marshall akavikoroga akanywa mwenyewe, hajasubiri ruhusa ya mtu (mke wake sijui alimwambiaje), siku chache mbele akaanza kichefuchefu na kutapika, kupimwa tumbo limevimba ndani. Mwaka 2005 wote wawili wakapewa tuzo ya Nobel. Na mdudu mwenyewe ndo huyo huyo kwenye cheti chako, H. pylori, ambaye watu wengi wanaambukizwa wakiwa watoto wadogo na wengi wanaishi naye bila hata kujua.

Sasa niambie, Marshall alikuwa na hasira na nani?

Sisemi mawazo hayana kazi. Ukiwa na mawazo maumivu unayasikia zaidi, usingizi unakimbia, mlo unaruka, hilo nalijua na dokta wako analijua. Ila mdudu haondoki kwa kusamehewa. Umepewa dozi ya siku 14, antibayotiki mbili na kidonge cha kupunguza asidi, we ukaishia katikati ukaanza kukoroga ule unga wa kijani wa mwalimu wako. Wale wadudu waliobaki wanaizoea dawa, ikija mara ya pili haiwapati tena. Kwahiyo rudi kwa dokta, mwambie ukweli umeacha lini na umekunywa nini kingine, na usianze kujimalizia vilivyobaki kwa kukadiria mwenyewe, yeye ndo aamue kama unaanza upya na kwa dawa zipi. Hatakugombeza, na akikugombeza vumilia, si mara ya kwanza kugombezwa.

Halafu kuna kitu mwalimu wako hakugusa kabisa na mi ndo kinanipa wasiwasi kuliko fikra hasi zote. Zile diklofenaki za maumivu ya mgongo. Ulimwambia mama yako kiti cha ofisini kinakuumiza mgongo na unanunua tu vidonge duka la dawa pale chini unakunywa asubuhi na chai ya rangi, tena tangu mwaka jana. Mwanangu dawa za namna hiyo, diklofenaki, ibuprofeni, aspirini, zinapunguza ile kinga inayolinda ukuta wa tumbo, zenyewe zinaweza kuleta vidonda hata kwa mtu ambaye hana mdudu, sasa we una vyote viwili. Mtajie dokta na hiyo. Umuulize kama paracetamol itakutosha, na umwambie bosi wako kiti kibadilishwe au uwe unainuka kila baada ya muda unatembea. Huo ndo uponyaji wa mwili mzima ninaouelewa mimi, kiti cha ofisini kinaingia, chai ya rangi bila kitafunwa inaingia, bosi naye anaingia.

Usidhani nadharau miti shamba. We mwenyewe umekulia hapa, umekunyweshwa machungu mangapi na bibi yako. Na kazi yangu ya boti ya kupeleka wageni Mahale ndo ilinipa hii stori ambayo nadhani sijawahi kukupa yote. Mwezi wa 11 mwaka 1987 kule Mahale kulikuwa na sokwe jike anaitwa Chausiku, ana mtoto mdogo. Siku hiyo anaumwa, amelala lala tu, kula hataki, mtoto anacheza peke yake. Waliokuwa wanamfuata ni mtafiti Mmarekani Michael Huffman, aliyekuja kwa upande wa wale Wajapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto, pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe, mtu wa hifadhi na pia mjuzi wa dawa za kwao. Wakamwona Chausiku anaenda moja kwa moja kwenye kichaka ambacho sokwe kwa kawaida wanakipita tu, anavunja tawi, analimenya ganda kama mtu anayemenya muwa, majani anatupa, anafyonza ule moyo wa ndani na kutema makapi. Mgeni hajui ni nini. Kalunde akamwambia huo ni mjonso, kwa Watongwe ni dawa kali, ya tumbo na ya homa. Kesho yake mchana Chausiku yuko sawa, anatembea, anakula. Wakapeleka ule mmea maabara wakakuta kweli una vitu vinavyopiga minyoo na vijidudu.

Na huyo Kalunde familia yao ndivyo ilivyo, inasimuliwa babu yake alijifunza dawa nyingine, mulengelele, kwa kumwangalia nungunungu mgonjwa anachimba mizizi na kula, ndo akawatibu nayo watu kijijini walipougua tumbo.

Ila angalia Chausiku alivyofanya. Ganda na majani katupa, na wenye elimu wanasema huko ndiko sumu imejaa zaidi. Amechukua kidogo. Amechukua akiwa anaumwa, hakugeuza mjonso kuwa chai ya kila asubuhi. Mwalimu wako yeye anauza pakiti moja kwa magonjwa yote kuanzia vidonda mpaka kukosa mchumba, na nje ya pakiti hakuna hata jina la mti mmoja, na ukimuuliza anasema haina madhara kwa sababu ni ya asili. Hata sumu ya nyoka ni ya asili! Nchi hii Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ipo tangu 2002 na kuna Baraza linalosajili waganga na dawa zao, wapo watu wa kweli wanafanya kazi hiyo kwa heshima, Muhimbili tangu 1974 kuna taasisi nzima ya kuchunguza dawa za asili. Muulize namba yake ya usajili uone atakavyokubloku.

Sasa twende kwenye kilichonifanya niandike hasa.

Umemwambia mama yako ana nguvu hasi. Ukaacha kupokea simu zake kwa sababu mwalimu amesema ukiwa kwenye uponyaji kata watu wote wanaokuletea hofu. Mama yako hakunung'unika mbele yangu, alienda zake Mwanga sokoni, akarudi akapika, ila namjua. Mwanangu mama kukuuliza umekula nini na kukwambia anaogopa, hiyo umeiitaje nguvu hasi? Watu wa kukata wapo, wanaokukopa hawalipi, wanaokutumia meseji za umbea saa sita usiku, kata hao hata leo mi nakupigia makofi. Lakini ukikata kila anayekuona ukiwa umeumia, siku dawa ikikulevya nani atakushika mkono kukupeleka hospitali, yule wa kwenye klipu?

Na kuna kitu kibaya zaidi ndani ya hayo mafundisho, umeanza kuongea nacho bila kujijua. Kwenye meseji umeandika "nimejiletea mwenyewe kwa kuwaza vibaya". Hapana. Yaani uumwe, halafu ubebe na hatia ya kuumwa? Mtu wa hivyo akizidiwa hasemi, anaona aibu, anachekea watu, anaweka picha na maneno ya "nashukuru kwa kila hali" huku anajikunja chooni. Mi sitaki kucheka kwako kwa namna hiyo. Ukiwa na huzuni kaa nayo, lia, sema naumwa, kesho uamke uoge uende kazini, na ikishindikana usiende.

Ukitaka mtu wa matumaini ninaye mmoja tunayemjua wote huku, Mama Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe wa Gombe. Amekuja pale 1960 hajafikisha miaka 30, na amefariki Oktoba 2025 ana miaka 91 akiwa safarini Marekani bado anahutubia watu. Kila alipoenda alikuwa anaongelea matumaini, mpaka wengine wakawa wanachoka. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 90 aliporuka na ndege juu ya Gombe akaona vilima vya nje ya hifadhi vimebaki vipara, hakusema tuwaze kijani. 1994 ukaanza ule mradi wa TACARE, si unaukumbuka ulivyokuwa unatajwa shuleni, wakaenda vijijini kuuliza watu kwanza wanataka nini, watu wakasema maji, zahanati, shule, ndo baadae vitalu vya miti vikafuata. Chanya ya namna hiyo inachafua mikono. Hiyo mi naiunga mkono asubuhi na jioni.

Ya nyumbani kwako ni madogo madogo tu. Kula kwa wakati hata kama ni kidogo. Maziwa yasikudanganye, yanatuliza kwa muda halafu asidi inaongezeka. Pilipili haileti vidonda ila kama inakuchoma iache kwa sasa. Lala, acha kusikiliza klipu saa saba usiku hata ziwe za kukuponya. Sala zako endelea nazo, nasi tunakuombea hapa kila siku. Ukiona choo kimekuwa cheusi tii kinanata, au umetapika damu au kitu cha rangi ya kahawa, usimpigie mtu kuomba ushauri, chukua bodaboda nenda hospitali, hela nitatuma ukiwa njiani. Na ukimaliza dozi kuna kipimo cha kuhakikisha mdudu ameondoka, kinafanywa angalau wiki 4 baada ya antibayotiki kuisha, na ile ya asidi inaachwa wiki 2 kabla, kumbushia mwenyewe maana foleni zao unazijua.

Mama yako atapiga jumapili baada ya kutoka sokoni. Pokea, hata ukiwa huna la kusema.

Mzigo nimeukabidhi stendi asubuhi. Kuna migebuka mikavu, unga wa muhogo na mawese, na kuna dagaa wa dada yako usile peke yako. Migebuka ichemshe, usiikaange kipindi hiki. Namba ya konda nakutumia sasa hivi, gari linafika kesho kutwa, uwahi kulipokea maana safari iliyopita mzigo ulilala stendi na mawese yakavujia nguo za watu.

Baba yako