Weka fimbo chini kwanza

Ngong, 14 Februari

Kwa rafiki yangu Baraka,

Salamu nyingi kwako na kwa mama watoto. Huku tu wazima, ila kiangazi kimeukausha uwanja hadi kwato zinalia kama juu ya saruji.

Barua yako nimeipata. Unasema yule farasi wako jike amekuwa mkaidi: anataka kuuma ukimfunga ukanda wa tumbo, na ukimtaka akimbie shoti upande wa kulia anarusha mateke. Baraka, weka fimbo chini kwanza. Mwaka jana nilimwandama Simba, yule mwekundu aliyestaafu mashindano, wiki mbili nzima kwa makosa hayo hayo. Siku moja namvua tandiko, mgongo wote umelowa jasho, ila nyuma ya mabega pana sehemu mbili kavu, kila moja kama kiganja changu. Nilipobonyeza, mgongo ukazama chini ya vidole na kichwa kikaruka juu. Alikuwa amekonda, tandiko likawa linamkandamiza pale pale kila siku, nami niko juu namfokea. Niliona haya, bwana.

Kwa hiyo anza na tandiko. Ukiona halina kasoro, angalia kama anachechemea: mwenzako amkimbize mwendo wa matiti, yaani mbio za polepole, kwenye ardhi ngumu, kamba ikiwa legevu, wewe usimame kando. Fumba macho usikilize kwato; mdundo ukikosea utausikia. Halafu tazama kichwa. Farasi hukiinua mguu wa mbele unaouma unapokanyaga, hukishusha unapokanyaga ule mzima. Wengi wetu hapa tulikuwa tunashika mguu usio na hatia! Wa nyuma ni mgumu kuugundua. Tazama nyonga, na ukiwa umepanda uone kama tandiko linahamia upande mmoja.

Daktari anayekuja hapa alitusimulia habari za Sue Dyson, daktari wa farasi wa Uingereza, aliyepanga dalili 24 za maumivu kwa farasi aliye na mpandaji mgongoni, kama masikio kulala nyuma sekunde 5 au zaidi, mdomo kuachama, mkia kupigapiga. Zikifika 8, yaelekea sana anaumwa. Zihesabu kabla hujamwita mkaidi tena.

Dawa ya maumivu usimpe kabla daktari hajamwona, maana atatembea vizuri siku hiyo na mtarudi kule kule. Na alipigiliwa viatu lini? Kama ni wiki hii, mwite fundi akague misumari. Mmoja ukisogea karibu na nyama unatosha.

Niandikie ukishatazama mgongo wake.

Wako,
Juma