Kwa vijana mtakaosimama kwenye mstari wa mwisho

Wanangu, hamjambo.

Jumamosi ile mlipokuwa mnabishana kijiweni kwa fundi baiskeli, mimi nilikuwa nyuma yenu, nimekalia lile tairi la trekta, nakunywa kahawa yangu kimya. Simu mmeiegemeza kwenye pampu, mnarudisha nyuma na kupeleka mbele sekunde tano zile zile: Julai 2025, njiani kuelekea Dunkirk, mpanda baiskeli Jasper Philipsen yumo ndani ya jezi ya kijani, ile ya anayeongoza kwa pointi, anapigwa kikumbo kwenye mchomoko, ile kasi ya ghafla ya kugombea pointi katikati ya safari, anabwagwa chini, mtulinga unavunjika. Nusu yenu mkapiga kelele kwamba Bryan Coquard, aliyemgonga, alistahili kufukuzwa Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, siku ile ile, ile kadi ya njano aliyopewa ni dhihaka. Nusu nyingine mkasema Coquard mwenyewe alikuwa ameshagongana na mwenzao Laurenz Rex, akayumba, kwa hiyo hata hiyo kadi kaonewa. Mmoja wenu, simtaji, akasema: "Mtu kaumia namna ile, ushahidi gani tena mnautaka?"

Kahawa ilinikwama kooni. Nisingejali kama mngekuwa watazamaji tu, maana mtazamaji ana haki ya kupayuka. Lakini wengi wenu mmejiandikisha kujifunza ukamisaa, yaani uamuzi wa mbio za baiskeli, na mbio za mavuno ziko karibu. Mtu atakayeshika bendera kwenye mstari akiwa na neno lile kichwani atamdhulumu mtoto wa mtu. Najua, kwa sababu nimefanya hivyo. Nitafika huko.

Kwanza twendeni Vittel. Tarehe 4 Julai 2017, hatua ya nne ya Tour, kilomita 207.5 kutoka Mondorf-les-Bains kule Luxembourg hadi Vittel, Ufaransa. Mita za mwisho Arnaud Démare anatangulia. Peter Sagan, bingwa wa dunia kwa wakati huo, anahamia kulia kulifuata tairi la Démare. Mark Cavendish anakuja kwa nyuma, anajipenyeza kulia zaidi, katikati ya Sagan na uzio, kwenye upenyo unaojifunga kama mlango wenye springi. Kiwiko cha Sagan kinachomoza nje. Cavendish anaingia kwenye uzio na kudondoka, John Degenkolb na Ben Swift wanamparamia. Kombe la bega limevunjika, na Tour ya Cavendish imeishia hapo.

Sasa angalieni kilichofuata, maana hapa ndipo penye somo la kazi yenu. Makamisaa walitoa uamuzi: Sagan ashushwe hadi nafasi ya 115, akatwe pointi 80 za jezi ya kijani, aongezewe sekunde 30. Adhabu nzito, lakini bado yumo mashindanoni. Jioni ile ile ukatoka uamuzi mwingine: afungashe aende nyumbani. Video ilikuwa ile ile. Barabara ile ile, kiwiko kile kile. Naamini kilichobadilika ni hewa tu. Habari za bega zilikuwa zimesambaa, picha ya Cavendish akiwa na mkono kifuani imezunguka dunia nzima, na watu wanapiga kelele.

Timu yake, Bora-hansgrohe, ilikimbilia Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS. Moja ya malalamiko yao ni kwamba mtu wao hakusikilizwa kabla ya kuhukumiwa. Msema pweke hushinda, na siku ile waliosema pweke ni waamuzi. Tarehe 6 Julai mahakama ikakataa kuisimamisha adhabu, kundi likaendelea na safari bila Sagan. Kisha, tarehe 5 Desemba 2017, pande zote zikamaliza kesi kwa maelewano, na shirikisho la dunia, UCI, likakubali kwamba ile ilikuwa ajali ya bahati mbaya ya mashindano, isiyokusudiwa. Miezi mitano baadaye! Jezi ya kijani ilikuwa imeshakwenda kwa Michael Matthews zamani. Kizuri kilichozaliwa humo ni kwamba kuanzia msimu wa 2018 jopo liliongezewa kamisaa wa kukaa na video tu.

Mtaniuliza mimi ningefanya nini. Kiwiko nimekitazama mara nyingi kuliko mnavyodhani. Kwa macho yangu kilichomoka wakati Cavendish ameshaanza kupoteza mhimili, kama unavyotanua mkono ukiteleza kwenye tope. Lakini tairi la Sagan lilihama, na pale sibishani na yeyote. Kanuni inamkataza mpanda baiskeli kuuacha mstari aliouchagua alipoanza kuchomoka akawahatarisha wenzake, basi. Haitaji damu wala mifupa. Kwa hiyo ningemshusha chini kabisa ya kundi na kumwacha apande baiskeli kesho yake. Uamuzi wa kwanza ulitosha. Wale waliosema Sagan hakuwa na kosa lolote nao waliniudhi, ila hao ni mashabiki wake, na mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Haya, tuje kwangu.

Ilikuwa zamani kidogo, enzi za baiskeli za chuma zenye keria, Phoenix na Avon, ambazo asubuhi zinabeba mkaa na mchana zinashindana. Mbio zetu zilimalizikia kwenye barabara ya sokoni. Mstari tuliuchora kwa chokaa ya kumwaga kwa kopo. Zawadi ilikuwa ndama, kafungwa kwenye mti wa mwarobaini karibu na meza yangu, analia njia nzima. Wakaja watatu pamoja, vichwa chini. Nilichokiona ni vumbi, kisha kijana wa katikati yuko chini, goti limefunguka hadi weupe unaonekana, na aliyekuwa kushoto kwake amevuka mstari mikono juu. Mama mmoja akapiga yowe. Watu wakaanza kusema "kamsukuma, kamsukuma", na kabla sijajiuliza nani kaona, mkono wangu ulikuwa umeshaandika. Mshindi nikamwondoa, ndama akapewa aliyeingia wa tatu. Watu wakanipigia makofi, na mimi nikajiona mtu wa haki.

Kesho yake nikapita kwa fundi. Baiskeli ya yule aliyeanguka imening'inizwa, mnyororo umelala juu ya gunia. Fundi akanionyesha bila kusema neno: pini moja imechomoka, kiungo kimefunguka kama mdomo wa samaki. Kijana alikuwa amekanyaga kwa nguvu zote, mnyororo ukakatika, mguu ukapiga hewa, akaenda chini mwenyewe. Hakuna aliyemsukuma. Muuza miwa aliyekaa pale kona akaniambia aliisikia ile "tap!" kabla ya kijana kuanguka, ila hakuna aliyemuuliza.

Nilikwenda nyumbani kwao yule niliyemwondoa. Baba yake akanikaribisha kigoda, nikaletewa uji wa mtama, tukaongea habari za mvua. Nilipoeleza kilichonileta alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia kijana hayupo, kaenda kwa mjomba wake, na baiskeli kaiuza. Ndama naye alikuwa ameshauzwa mnadani.

Ndiyo maana siku hizi nikisimama mstarini naandika kwanza, kabla sijaangalia nani yuko chini. Naandika tairi lipi lilihama, kutoka wapi kwenda wapi, kabla au baada ya kugusana. Nikishaandika ndipo nageuka kumtazama majeruhi. Nanyi nataka mfanye hivyo hivyo, hata kama watu watawaona mna roho ngumu. Kumhudumia aliyeumia ni kazi ya watu wa msalaba mwekundu, na waacheni waifanye.

Faida ya kuamua kwa tendo, si kwa majeraha, inaonekana siku ambayo hakuna aliyeanguka. Julai 2024, hatua ya sita ya Tour, Dijon. Dylan Groenewegen anashinda kwa unene wa tairi, Philipsen wa pili, Biniam Girmay wa Eritrea wa tatu. Hakuna aliyedondoka, hakuna picha ya kuliza watu. Lakini Philipsen alikuwa ameuhama mstari wake na kumbana Wout van Aert kwenye uzio, na makamisaa wakamshusha hadi nafasi ya 107. Watu wengi walikiona kitu kidogo tu. Sasa chukueni kalamu. Nafasi ya pili siku ile ilikuwa na pointi 30, ya tatu 20. Philipsen akapoteza zake 30, Girmay akapanda na kuongeza 10. Tofauti ya 40 kati yao. Tour ilipokwisha, Girmay alivaa jezi ya kijani kwa pointi 387, Philipsen 354. Tofauti 33.

Rudieni hesabu hiyo polepole. Sisemi jezi ya kwanza ya kijani ya Mwafrika mweusi ilipewa na makamisaa. Girmay alishinda hatua tatu kwa miguu yake, na kila mmoja angepanda kivingine kama hesabu zingekuwa zingine. Nasema makamisaa wa Dijon walihukumu kuhama kwa tairi bila kusubiri mtu avunjike, na uamuzi ule ulikuwa na uzito kuliko walivyojua wenyewe.

Upande wa pili wa shilingi ni Katowice, Poland, tarehe 5 Agosti 2020. Nawaomba msiitazame video hiyo mkiwa na watoto. Groenewegen alihama akambana Fabio Jakobsen kwenye uzio, na uzio ukafumuka. Jakobsen alilazwa kwa dawa za usingizi mzito, uso ukashonwa nyuzi 130, meno karibu yote yakamtoka. Groenewegen aliondolewa, ushindi akapewa Jakobsen, na baadaye Groenewegen akafungiwa miezi 9. Alihama, hakuna ubishi, na kuondolewa kwake kulikuwa halali.

Ila kuna swali ambalo kadi hailiulizi. Mstari wa mwisho ule ulikuwa chini ya mteremko, mahali ambapo baiskeli zinafika kilomita 80 kwa saa. Nani aliuweka pale? Ule uzio uliotawanyika kama mabua ulifungwa na nani? Mwaka 1994 kule Armentières, kwenye Tour, askari aliyekuwa akilinda barabara alichomoza nje ya uzio kupiga picha, Wilfried Nelissen akamvaa, Laurent Jalabert akabomoka uso. Hapo hakukuwa na mpanda baiskeli wa kumwondoa. Mara nyingi aliyekosea hana namba mgongoni, na ninyi mtakuwa na mamlaka juu ya wenye namba tu. Kwa hiyo kazi yenu inaanza asubuhi, kabla mbio hazijaanza. Mita 300 za mwisho zitembeeni kwa miguu. Mkiona kona, mchanga, meza ya mandazi iliyosogea barabarani au kamba ya turubai, semeni. Mwandalizi akiwajibu kwamba mdhamini anataka bango lake likae pale pale, ondokeni na bendera yenu. Nitawatetea.

Jambo jingine ni ndimi zenu. Baada ya Katowice, Groenewegen alitishiwa maisha hadi polisi wakamlinda nyumbani, mwenzi wake akiwa mjamzito. Baada ya Vittel, Cavendish, yule aliyevunjika bega, naye alilazimika kuwaomba watu waache kumtukana na kuitishia familia yake. Aliyegonga na aliyegongwa, wote walipata fungu lao. Sagan mwenyewe alikwenda hadi kwenye basi la timu ya Cavendish siku ile ile kumpa pole, wakati mashabiki walikuwa bado wananoa mapanga. Jakobsen na Groenewegen, mwaka 2022, walishinda hatua za Tour kule Denmark siku mbili mfululizo, mmoja Nyborg, mwingine Sønderborg. Mimi siku ile nilikuwa peke yangu mbele ya televisheni, nikaona haya kwa maneno niliyowahi kumsema Groenewegen mbele ya wajukuu wangu.

Hizi kadi za njano zilizoanza kutumika rasmi 2025 mimi nazipenda kiasi. Ukipata mbili kwenye mashindano mamoja unatoka. Angalau sasa kuna ngazi katikati ya kumshusha mtu nafasi na kumfukuza. Kuhusu Coquard, mkitaka jibu langu: aligongana na Rex kwanza, akayumba, na kilichompata Philipsen ni mwisho wa mnyororo ulioanzia kwingine. Kadi sawa, iwe onyo. Kumfukuza ingekuwa Vittel nyingine. Najua nusu yenu mtanuna.

Mbio za mavuno tutaweka simu mbili: moja pembeni kwenye mstari wenyewe, nyingine juu ya paa la ghala ikitazama wanaokuja, maana ya pembeni haikuonyeshi tairi likihama hata ukiitazama mwaka mzima. Kila mmoja atakuwa na daftari lake na ataandika bila kumchungulia mwenzake. Akitakiwa mtu kuondolewa, ataitwa mezani aseme lake kabla hamjatia saini, hata kama wazee wa kijiji wanataka kugawa zawadi wawahi chakula. Yule muuza miwa bado yupo, kazeeka kama mimi. Nimeshamwomba akae pale pale kona, na nimemwambia safari hii ataulizwa.

Njooni Ijumaa saa kumi tutembee barabara. Chokaa nitaileta mimi, ninyi njooni na kopo na kamba ya kunyooshea.

Mzee wenu wa mstarini